Bei ya Kadi Tumeijadili, Ununuzi wa Huduma Bado

Anayetaka kujua fedha za afya za Tanzania zinatoka wapi asianze na kitabu cha bajeti. Aende zahanati yoyote ya Chamwino au Bahi, mkoani Dodoma, aombe ruhusa kwa mganga mfawidhi, kisha asimame mbele ya kabati la dawa na kulisoma. Chanjo zilizo kwenye jokofu zimenunuliwa kupitia UNICEF, nyingi kwa mkono wa Gavi, ubia wa kimataifa wa chanjo. Dawa mseto ya malaria na vipimo vyake vya haraka vimekuja kwa fedha za Mfuko wa Dunia na za Wamarekani. Dawa za kufubaza VVU ni hivyo hivyo, na uzazi wa mpango nao una wahisani wake. Sasa ashuke rafu ya chini: amoksisilini ya maji ya watoto, vidonge vya presha, glovu, pamba, dripu, uzi wa kushonea. Hivi kituo kinatakiwa kujinunulia chenyewe, kwa makusanyo ya dirishani, fedha za CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) na mgawo wa Mfuko wa Pamoja wa Afya, kapu la wahisani linalopitia serikalini. Na mara nyingi rafu hiyo ndiyo yenye mapengo.

Rafu mbili, wanunuzi wawili. Mnunuzi wa juu anajua anataka dozi ngapi, amekaa na kiwanda wakakubaliana bei kwa nchi nyingi kwa mpigo, na anadai taarifa ya kila kopo lililotumika. Mnunuzi wa chini ni nesi mwenye daftari, anayehudumia wajawazito asubuhi na kupiga hesabu za dawa jioni, na ambaye hajui mgawo wa robo hii utaingia lini. Tofauti hiyo si ya bahati. Imetengenezwa na namna tulivyochagua kulipia huduma, na ajabu yake ni kwamba karibu hatuizungumzi.

Tunachozungumza ni bei ya kadi. Mwaka 2022 muswada wa bima ya afya kwa wote ulipotajwa, nchi nzima ilijadili shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja. Mjadala ulikuwa mkali, muswada ukaahirishwa, ukarudi, na Bunge likaupitisha hapa Dodoma Novemba 2023. Watu walikuwa na haki ya kuuliza fedha hizo watazitoa wapi. Lakini sikumbuki mbunge, mwandishi wala mchangiaji wa redio aliyeshupalia swali la pili: mfuko ukishazipata, utanunua nini, kwa nani, kwa bei gani, na kwa masharti yapi? Mfuko unaopokea michango na kulipa bili zinazoletwa bado haujawa mnunuzi. Huo ni keshia.

Tulifikaje hapa? Baada ya Azimio la Arusha matibabu yalikuwa bure, na serikali ilikuwa mlipaji, mnunuzi na muuzaji kwa wakati mmoja. Fedha zilipokauka, mwaka 1993 ukaja uchangiaji, tukazoea neno papo kwa papo, yaani kulipa pale pale unapotibiwa. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996 na kupata sheria yake 2001. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipata sheria mwaka 1999, ukaanza kazi 2001 kwa watumishi wa umma, asilimia sita ya mshahara, nusu ya mtumishi na nusu ya mwajiri. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini tumekuwa na mifuko miwili: mmoja wa wenye mshahara, wenye makato ya uhakika, na mwingine wa wakulima, wafugaji na mama lishe, ambao kila mwaka lazima washawishiwe upya.

Mkoa wa Dodoma una nafasi ya pekee katika hadithi ya mfuko huu wa pili. Mwaka 2011 mradi uliofadhiliwa na Uswisi ulianza kazi hapa, na CHF iliyoboreshwa tunayoijua leo ikakulia mikononi mwake: waandikishaji wa vijijini wenye simu, picha za wanakaya, na programu ya kompyuta ya kutunza taarifa za wanachama. Programu hiyo iliyoanzia kwetu ilikuja kuwa ya wazi kwa yeyote, na Nepal inaitumia kuendesha bima yake ya taifa. Mara ngapi tunasikia kitu cha Ugogoni kimekwenda kuwafaa watu wa Himalaya? Tunastahili kujisifu kidogo. Kisha turudi kwenye hesabu, kwa sababu programu nzuri haiongezi shilingi kwenye mfuko.

Hesabu yenyewe ni hii. CHF iliyoboreshwa ilianza mikoani kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Ni 5,000 kwa kichwa. Gawa kwa miezi kumi na miwili: kama shilingi 417, ambayo haifiki bei ya chupa ya soda. Tuseme zahanati inahudumia watu 6,000 na mmoja kati ya kumi ana kadi. Hao ni watu 600, yaani shilingi milioni tatu kwa mwaka mzima, kabla hujatoa gharama za uendeshaji na sehemu ya hospitali ya wilaya. Kwa fedha hizo unatakiwa kununua dawa, vifaa na vitendanishi vya watu ambao, kwa maumbile ya bima ya hiari, wengi wao ndio wagonjwa zaidi kijijini. Wangekuwa na kadi sita kati ya kumi, zingekuwa milioni kumi na nane, na mazungumzo na muuza dawa yangebadilika.

Kwa nini hawakati kadi? Jibu la ofisini ni kwamba wananchi hawana elimu ya bima. Jibu hilo nimechoka nalo. Mama wa Bahi anaijua bima kuliko tunavyodhani. Amekata kadi mwezi wa pili, mvua zinanyesha, ghala halina kitu, kwa sababu mtoto alikuwa anakohoa na mwandikishaji alikuwa karibu. Amefika dirishani, ameandikiwa dawa.

"Mama, hii hatuna. Kanunue pale duka la dawa muhimu."

"Nesi, na kadi yangu je?"

"Kadi ni ya huku ndani, mama. Kule unatoa hela."

Mwaka unapita, kadi inaisha mwezi ule ule wa pili, wakati wa njaa, alizeti bado haijavunwa na uwele hauna hata masuke. Haihuishi. Huyo amepiga hesabu vizuri tu: alilipa mara mbili kwa dawa moja. Ungempa elimu gani zaidi? Semina ya siku moja yenye soda na fulana haitajaza kabati.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema tukusanye kwanza, huduma itafuata. Kwa bima ya kulazimisha, kama ya watumishi, unaweza kuanza na makusanyo, maana mtumishi hana pa kukimbilia. Kwa mkulima wa Chemba huduma lazima itangulie. Dawa ikiwepo kabatini miezi kumi na miwili mfululizo, mwandikishaji hatahitaji kipaza sauti.

Upande wa mfuko mkubwa, ule wa watumishi, kuna ugonjwa mwingine. Mfuko wa Taifa kwa sehemu kubwa hulipa kwa huduma: umemwona daktari, mstari mmoja kwenye bili, umepimwa damu, mstari mwingine, dawa tatu, mistari mitatu. Kituo hujaza fomu, mgonjwa husaini, madai hukusanywa na kutumwa, kisha mfuko huchambua na kukata yasiyo sawa. Fomu isiyo na saini hukatwa. Dawa isiyolingana na ugonjwa hukatwa. Hospitali kubwa huajiri watu wa kushughulikia madai tu na hupata chake. Zahanati yenye watumishi wawili huacha mgonjwa benchini ili ijaze fomu, na mwisho wa mwezi hukatwa kwa kosa la karani ambaye haina.

Ukimlipa mtu kwa kila kipimo, vipimo vitaongezeka. Hakuna haja ya kumwita yeyote mwizi, ingawa wezi nao wapo na mfuko umewahi kuwachukulia hatua. Ni namna tu malipo yanavyozungumza na mtoa huduma, na ujumbe unafika. Kisha mfuko unaelemewa, unapunguza bei, watoa huduma wanagoma. Ndivyo ilivyokuwa Machi 2024: kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei zake, kilipoanza kutumika, hospitali kadhaa binafsi zilitangaza kutowahudumia wanachama wa mfuko. Kwa siku chache watu wenye kadi halali waligeuzwa mapokezini. Serikali na wenye hospitali wakakaa, huduma zikarudi. Mwaka mmoja kabla yake, mfuko ulikuwa umesimamisha usajili wa mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi, iliyokuwa ikiuzwa shilingi 50,400, kwa sababu wazazi walikuwa wanawakatia watoto ambao tayari wanaumwa. Matukio yote mawili tuliyasoma kama ugomvi wa bei. Mimi nayaona kama mfuko uliochelewa kujifunza kununua.

Kununua kunafananaje? Mfano ninaoupenda ni wa Thailand, na si kwa sababu ni nchi tajiri, maana ilipoanza mwaka 2002 haikuwa hivyo. Wathai waliamua kwamba watu wasio kwenye ajira rasmi hawatafuatwa kijiji kwa kijiji kudaiwa michango. Fedha zao zilitoka kwenye kodi ya jumla, na mgonjwa alitoa baht 30 tu kila alipokwenda kutibiwa. Lakini hatua kubwa zaidi ilikuwa kuunda taasisi ya kununua huduma, iliyotenganishwa na wizara inayoendesha hospitali. Taasisi hiyo inalipa huduma za wagonjwa wa nje kwa kichwa: kila mtu ameandikishwa kwenye mtandao wa wilaya yake, na mtandao unapewa fedha za idadi ya watu wake mapema, wawe wagonjwa au wazima. Wanaolazwa hulipiwa kwa aina ya ugonjwa, ndani ya bajeti yenye kikomo. Hospitali ya wilaya ikatambua kuwa mtu asiyeumwa si hasara tena, na mgonjwa wa kisukari anayetunzwa vizuri kwenye kituo kidogo huipunguzia mzigo.

Asije mtu akadhani ni rahisi. Ghana nao waliujaribu mtindo wa kulipa kwa kichwa mwaka 2012 katika mkoa wa Ashanti. Kwa kuwa ulianzia mkoa mmoja, tena ngome ya upinzani wa wakati huo, watu waliuona kama adhabu ya kisiasa. Watoa huduma walilalamika kwamba kiwango ni kidogo, wagonjwa hawakupenda kufungwa kwenye kituo kimoja, na mwaka 2017 ulisitishwa. Ghana hiyo hiyo ina jambo la kuonewa wivu: tangu sheria ya mwaka 2003 kuna tozo ya asilimia 2.5 inayokusanywa sambamba na VAT kwa ajili ya bima ya afya. Chanzo wanacho. Bado vituo vyao vimekuwa vikilia kwa madai yanayocheleweshwa. Chanzo cha fedha na ununuzi wa huduma ni kazi mbili tofauti, na kufaulu moja hakukupi nyingine bure. Kenya, iliyoanza mfuko wake mpya Oktoba 2024 kwa asilimia 2.75 ya kipato, angalau kwenye sheria yake imetenga mfuko wa huduma za msingi unaotegemea Hazina, mbali na michango ya wanachama. Utekelezaji umekuwa na kelele nyingi. Wazo lenyewe nalikubali.

Hata hivyo hatuhitaji kupanda ndege kujifunza. Dodoma ina somo la ununuzi lililo bora kuliko semina zote, nalo ni Jazia. Kabla yake, zahanati ikiagiza Bohari ya Dawa na kukosa, mganga mfawidhi alibaki na njia mbili: kukaa bila dawa, au kuhangaika na taratibu za manunuzi duka kwa duka, kwa bei ya rejareja. Mwaka 2014 mkoa ukaja na utaratibu wa mshitiri: msambazaji mmoja binafsi anashindanishwa na kuteuliwa kwa mkoa mzima, bei zinakubaliwa mapema, na vituo vinakusanya mahitaji yao kupitia halmashauri. Bohari inabaki kuwa ya kwanza. Kinachokosekana huko ndicho kinakwenda kwa mshitiri. Morogoro na Shinyanga wakafuata, na kufikia 2018 utaratibu ukasambazwa nchi nzima.

Angalia kilichofanyika pale. Jazia haikuhitaji kodi mpya, na hakuna mwananchi aliyeombwa mchango. Fedha zile zile kidogo za zahanati ndogo ndogo ziliwekwa kwenye kapu moja, na kapu likawa na sauti mbele ya muuzaji. Huo ndio ununuzi. Kasoro zipo: mshitiri naye hukosa dawa, halmashauri huchelewa kuunganisha oda, na kituo kisicho na fedha kwenye akaunti hakina cha kuagiza hata bei ikiwa nzuri namna gani. Kasoro hii ya mwisho ndiyo inayoniudhi, kwa sababu sehemu yake tumeitengeneza wenyewe kwa kitu tunachokiita msamaha.

Sera yetu inasema wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bure. Sera njema, na sina ugomvi nayo. Lakini bure kwa nani? Glovu zilizotumika kumzalisha mama zimenunuliwa. Dawa ya maji ya mtoto imenunuliwa. Aliyesamehe ni serikali, aliyelipia ni kabati la kijiji. Kwenye zahanati nyingi za vijijini kundi hili ndilo linalojaa benchi, maana kliniki ya mama na mtoto ndiyo moyo wa zahanati. Kwa hiyo kituo kinachotii sera kikamilifu hujikuta hakina dawa mapema zaidi, na kinachokwepa sera kwa kumwambia mama aje na glovu zake huishiwa polepole. Mganga mfawidhi anayechagua la pili tunamlaani redioni. Ningependa wanaolaani wapewe funguo za kabati lile kwa robo moja ya mwaka.

Na zana za kurekebisha hili tayari zipo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, badala ya kukaa halmashauri. Kila zahanati ina akaunti, ina mfumo wa kihasibu, ina kamati ya usimamizi yenye wanakijiji ndani yake. Mfereji umechimbwa, unahitaji maji. Serikali ingeweza kuhesabu watoto, wajawazito na wazee wa eneo la kila zahanati na kuweka kiasi cha kila kichwa mwanzoni mwa robo, kwa sharti moja linalopimika: dawa muhimu kadhaa, zilizotajwa kwa majina, zisikosekane. Zikikosekana wakati fedha zipo, kamati na mganga mfawidhi wajieleze. Zikikosekana kwa sababu fedha hazikufika, Hazina ijieleze, tena hadharani.

Pingamizi ninazijua. Ya kwanza, ukimlipa mtu kwa kichwa anaweza kukaa akasinzia, kwa kuwa fedha zinaingia hata asipomgusa mgonjwa. Ni kweli, na ndiyo maana malipo hayo yanahitaji kuchanganywa na kitu kidogo cha matokeo, mfano wajawazito waliojifungulia kituoni. Tuliwahi kulipa kwa ufanisi, kuanzia Pwani mwaka 2011 na kisha Kishapu mwaka 2015, kwa fedha za wahisani kwa kiasi kikubwa, na tunajua kwamba kupima kila kitu hugharimu sana. Vichaguliwe vigezo vichache. Ya pili, zahanati yenye nesi mmoja haiwezi kubeba mkataba. Nakubali, mkataba uwe na kata au kituo cha afya pamoja na zahanati zake. Ya tatu ndiyo nzito: fedha hazitoshi. Abuja mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nchi nyingi, yetu ikiwemo, hazijakaa hapo. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ghafla, ile rafu ya juu iliyokuwa imejaa nayo iliyumba, na tukakumbushwa kwamba sehemu iliyo imara zaidi ya kabati letu haikuwa yetu.

Ununuzi mzuri haugeuzi shilingi mia kuwa elfu. Lakini mtu anayetaka kuniongezea kodi kwenye soda na bia ili tulipie bima ya wasio na uwezo, jambo ninaloliunga mkono, anapaswa kwanza kunionyesha mkataba wa kununua kitakachopatikana.

Mkataba huo unaweza kuanza bila kusubiri bima kwa wote ikamilike. Dodoma ina halmashauri zilizozoea mambo mapya, ina mshitiri, ina watu waliowahi kuendesha CHF tangu enzi za fomu za karatasi. Chemba, Bahi na Mpwapwa zingetosha kwa jaribio, zikichanganywa na wilaya za mikoa mingine ili yasitupate ya Ashanti. Uandikishaji upangwe Juni na Julai, alizeti ikiwa imeuzwa; kwa wakulima wa zabibu wa Hombolo, wanaovuna mara mbili, kuwe na malipo ya awamu mbili. Na bajeti ijayo ikisomwa pale bungeni, mstari wa msamaha wa wajawazito, watoto na wazee uwekewe tarakimu yake peke yake, ili mbunge wa Chamwino au wa Kibakwe aweze kusimama na kuuliza ni shilingi ngapi zimefika kwenye zahanati za jimbo lake, na tarehe ngapi.